Kulia, Kushoto, Kulia Tena

Nilifundisha katika shule za msingi za Dar es Salaam tangu mwaka 1971 hadi nilipostaafu mwaka 2010, na miaka ishirini na sita ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Katika muda huo wote hakuna somo nililolirudia mara nyingi kama lile ambalo halikuwamo katika muhtasari wala halikutahiniwa darasa la saba. Nililitoa mstarini asubuhi, nililitoa siku ya kufunga shule, nililitoa mvua inyeshe au jua liwake: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, ndipo uvuke. Kulia huja kwanza kwa sababu magari yetu hupita upande wa kushoto, na mtu ashukapo kutoka kando ya barabara, gari la kwanza kumfikia hutokea kuliani kwake. Watoto walilijua kwa moyo. Ungemwamsha mmoja wao usiku wa manane angekutajia bila kukosea.

Chuoni nilikosomea ualimu tulifundishwa saikolojia ya mtoto, maandalio ya somo, na namna ya kuandika ubaoni kwa mwandiko usiopanda mlima. Sikumbuki kipindi hata kimoja kilichohusu njia aipitayo mtoto kati ya kwao na darasani. Mkufunzi wetu mmoja, mzee mwadilifu sana, alipenda kusema kwamba kazi ya mwalimu huanzia langoni mwa shule. Niliyashika maneno yake kwa muda mrefu kuliko ilivyonipasa.

Nataka kueleza hapa kwa nini somo langu lile nalitilia shaka siku hizi. Ili nieleweke sina budi kuanzia mbali kidogo, katika mitaa yenyewe.

Gerezani, kama jina lisemavyo, lilipata jina lake kutokana na gereza. Ni sehemu ya mji iliyoshikana na Kariakoo, upande wa reli na stesheni. Kwa muda mrefu ilikuwa makazi ya watu wa reli, mafundi vyuma na maseremala, na hata leo ukipita huko asubuhi husikosi kusikia nyundo. Kariakoo nayo ilipata jina katika vita. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916 waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi, Carrier Corps kwa lugha yao, na ndimi zetu zikalifanyia jina hilo kazi. Nilikuwa napenda kuwaambia wanafunzi wa darasa la sita kwamba wao hutembea juu ya vita kila siku bila kujua, maana Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti, mitaa wanayotumwa kununua vitunguu, ni majina ya mahali palipopiganwa vita mwaka 1917 huko kusini.

Mitaa hiyo ilipangwa kwa mistari iliyonyooka wakati ambapo gari lilikuwa kitu cha kusimamia na kutazama. Walioipita walikuwa watu kwa miguu, baiskeli na mikokoteni. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zilielekeza baraza zake mtaani, kwa hiyo mtaa ulikuwa sehemu ya nyumba: wazee walicheza bao, akina mama walipika vitumbua, watoto walikimbiza magurudumu ya baiskeli. Mtoto hakuwa “akivuka barabara”. Alikuwa akienda nyumba ya pili. Nilipopanga chumba Gerezani mwaka 1971, kijana mwenye suruali ya bugaluu na cheti kipya cha ualimu, mambo yalikuwa bado karibu na hivyo. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imehesabu watu wapatao 272,000 tu katika mji mzima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa.

Hatari ilikuwa katika barabara chache kubwa zilizouzunguka na kuukata mtaa: Uhuru, ambayo wazee waliendelea kuiita Kichwele, Msimbazi, na Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni ya Nyerere. Katika barabara hizo malori ya bandarini yalipita usiku na mchana.

Kisha shule zilijaa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo mwaka 1977, na sisi walimu tulilitekeleza kwa moyo, tukiwapokea watoto kwa mamia tusikokuwa na madawati. Tuliwagawa kwa zamu mbili, wa asubuhi na wa mchana. Sikuliona wakati ule, lakini leo naliona wazi: kwa kuweka zamu mbili tuliongeza safari zilizoangukia saa za kati ya mchana. Saa sita mamia ya watoto wa zamu ya kwanza walitoka wakikutana barabarani na mamia ya zamu ya pili wanaoingia, wote katika jua kali, wote na njaa, saa ileile ambayo malori yaliwahi bandarini na watu wa maofisini walikimbilia chakula. Hakuna aliyekaa chini akachora ramani ya njia zao. Tulihesabu vichwa darasani tukaridhika.

Hata hivyo miaka ile ya mwisho wa sabini na mwanzo wa themanini, miaka ya foleni za sukari na sabuni, ilikuwa na rehema ambayo hatukuitambua. Mafuta yalikuwa adimu, vipuri havikuwapo, mabasi ya UDA yaliyoanzishwa mwaka 1974 yalilala gereji, na barabara zilijaa mashimo kiasi kwamba dereva mwenye akili zake alitembeza gari kama mtu abebaye mayai. Tulilalamika sana juu ya mashimo yale. Ukweli ni kwamba shimo lilikuwa likifanya kazi ambayo hakuna askari angeifanya saa ishirini na nne bila mshahara.

Mambo yalibadilika haraka. Mwaka 1983 daladala zilihalalishwa. Baada ya biashara kulegezwa masharti, magari yaliyotumika yakaanza kuteremka bandarini kwa wingi. Miaka ya 1990 barabara za mji zilikarabatiwa, baadhi kwa msaada wa Japani, na lami ikawa nyororo kama sakafu. Mimi mwenyewe nilisimama katika mkutano wa wazazi nikashukuru kwa maendeleo yale. Tulipiga makofi.

*

Mwaka 1986 nilimchapa mvulana wa darasa la tano fimbo nne kwa kosa la kuvuka barabara kwa kukimbia. Nilimwona kwa macho yangu kutoka ofisini. Alisimama kando, akatazama, akatoka mbio kama swala, gari likapita nyuma yake karibu limguse. Moyo wangu uliruka. Hofu ile niliigeuza hasira, na hasira nikaigeuza fimbo, mbele ya shule nzima, ili wengine wajifunze. Hakulia. Aliniambia tu, “Nisamehe mwalimu,” kwa sauti ambayo sasa najua haikuwa ya mtu aliyeona kosa lake.

Miaka minane ikapita. Mwaka 1994, mwezi Juni, saa sita na dakika chache, msichana wa darasa la tatu katika shule niliyoiongoza aligongwa katika kivuko kilicho mbele ya lango letu. Kivuko kilikuwapo, ingawa rangi yake ilikuwa imefifia. Daladala ilisimama ili apite, na konda wake, kijana mwema, alimpungia mkono avuke. Gari jingine lililokuwa nyuma likaona daladala imesimama, likadhani inashusha abiria, likalipita kwa kulia. Msichana hakuliona kwa sababu daladala ilikuwa imelificha, na dereva hakumwona msichana kwa sababu hiyohiyo. Alifariki kabla ya kufika hospitali. Viatu vyake vilibaki kivukoni, na mwalimu wa zamu ndiye aliyevileta ofisini kwangu akaviweka juu ya meza, juu ya rejesta, bila kusema neno.

Sitalitaja jina lake. Alikuwa na mwandiko mzuri.

Baada ya maziko baba yake alinijia. Nilitayarisha maneno ya pole kama tufanyavyo. Akaniacha nimalize, kisha akasema: “Mwalimu, mwenzake aliyekuwa naye ameniambia. Mwanangu alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena.” Hakusema zaidi. Hakunilaumu, wala sidhani kama alikusudia kunilaumu. Alitaka nijue kwamba mtoto wake alikuwa mtiifu.

Usiku ule wazazi na vijana wa mtaa walileta mawe, kifusi na mifuko miwili ya saruji, wakajenga tuta mbele ya shule. Lilikuwa tuta baya, la kuvunja springi za magari, nami mwalimu mkuu nilijua halikuwa halali. Niliwashikia taa ya chemli. Tuta liliishi siku nne, kisha greda likaja kuliondoa. Niliandika barua katika ofisi iliyohusika, ambayo sitaitaja, nikiomba tuta la kitaalamu. Baada ya miezi minne nilijibiwa kwamba barabara ile ni ya daraja lisiloruhusu matuta, na kwamba shule inashauriwa kuongeza juhudi katika kuwaelimisha wanafunzi.

Nilikaa na barua ile kwa muda mrefu. Kuwaelimisha wanafunzi! Nilikuwa nimemwelimisha, akaelimika, akafa.

Hapo ndipo mjumbe mmoja wa kamati ya shule, mama aliyekuwa akiuza maandazi langoni, alisema jambo ambalo mimi msomi sikuwa nimeliona. Wengi wa watoto wetu, alisema, wanaishi nyuma ya shule. Wanatoka majumbani, wanazunguka ukuta, wanaingia barabara kuu, wanatembea ukingoni mwake pamoja na malori, ili tu wafike penye lango, kwa sababu lango liko mbele. Na wale wanaoishi ng'ambo wangeweza kuvukia kwenye makutano, penye taa, kama wangekuwa na sababu ya kupita huko. “Kwani lazima lango liwe pale, mwalimu?” aliuliza. Lango lilikuwa pale kwa sababu wageni na viongozi wakija na gari waingie kwa heshima. Sikuwa na jibu jingine.

Tukavunja ukuta wa nyuma. Wazazi walichanga fedha za geti la chuma, nikaenda Gerezani kwa mafundi wa kuchomelea kutafuta bei nafuu. Kijana aliyetoka chini ya turubai, miwani myeusi kipajini na masizi usoni, akaniamkia, “Shikamoo mwalimu.” Alikuwa yule mvulana wa fimbo nne. Nikaitikia marahaba, nikiwa na aibu. Alipojua geti ni la nini alikataa kulipwa ufundi, akachukua fedha za chuma tu. Tulipokuwa tukisubiri rangi ikauke niliona nimuulize kwa nini siku ile alikimbia, ilhali nilikuwa nimekataza kila siku mstarini.

“Mwalimu,” alisema, “pale katikati hapakuwa na mahali pa kusimama. Ukitembea, la upande wa kwanza unalipita, la upande wa pili linakukuta. Wanaokimbia ndio walikuwa wanafika.”

Kwa miaka minane nilikuwa nikisimulia habari za mvulana yule kama mfano wa utundu. Kumbe alikuwa ameipima barabara kwa mwili wake akapata jibu sahihi. Kitu kilichokosekana ni kisiwa cha futi chache katikati ya barabara.

*

Nilipostaafu nilipata nafasi ya kusoma, na katika kusoma nikagundua kwamba nchi nyingine zilipita njia hiihii ya kumtwika mtoto mzigo, nyingine zikaitupa mapema. Uingereza ilichora kivuko cha kwanza cha milia kwa sheria mwaka 1951. Swideni mtaalamu wa saikolojia aliyeitwa Stina Sandels, katika kitabu chake cha mwaka 1968, alieleza baada ya kuwachunguza watoto barabarani kwamba mtoto mdogo hawezi kufundishwa akaishi salama kati ya magari kama mtu mzima. Macho yake yako chini mno, hajui vyema sauti inatoka wapi, hawezi kukadiria mwendo wa gari linalomjia, na akili yake huhama ghafla kumfuata mpira au rafiki. Huo ni utoto wenyewe, na utundu haumo humo. Uholanzi watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani mwaka 1971, mamia yao wakiwa watoto. Mwandishi wa gazeti mmoja aliyempoteza binti yake aliandika makala mwaka 1972, na kichwa cha makala hiyo kikawa jina la harakati: komesheni mauaji ya watoto. Wazazi walilala barabarani, wakafunga mitaa. Ile Uholanzi ya baiskeli ambayo wageni huisifu ilianzia katika hasira hiyo.

Mimi kama mwalimu wa hesabu nilitaka kuona kwa tarakimu. Hebu msomaji, chukua penseli. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde. Dereva aliye macho, asiyezungumza na simu, huchukua kama sekunde moja tangu amwone mtoto hadi mguu wake ukanyage breki. Mita 14 zimekwisha na gari halijapunguza chochote. Breki zikishika vizuri juu ya lami kavu huhitaji mita nyingine 14 kusimama. Jumla ni 28. Sasa chukua gari la kilomita 30 kwa saa. Sekunde ya mshituko hula mita 8 na kitu, breki hula 5, na gari limesimama ndani ya mita 14. Kwa hiyo mtoto akijitokeza ghafla mita 13 au 14 mbele ya magari hayo mawili, la polepole litasimama mbele ya magoti yake, na la pili litamgonga kwa mwendo wake wote, kabla breki haijaguswa. Nguvu ya mgongano hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Hamsini mara hamsini, gawanya kwa thelathini mara thelathini, utapata karibu tatu. Nilifanya hesabu hiyo mezani kwangu mwaka 2012 nikaona haya kwamba sikuwahi kuifundisha darasa la saba, ingawa kila kilichohitajika kilikuwamo katika muhtasari.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani, ambayo ilitungwa mwaka 1973, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Wataalamu duniani, kama walivyotamka katika mkutano wa Stockholm wa Februari 2020, wanataka iwe 30 pale ambapo watu wa miguu wanachanganyika na magari. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Nimekuwa nikijiuliza kama ugonjwa ungeua kiasi hicho tungewaambia wagonjwa watazame kulia na kushoto.

Tena yako mambo mema yaliyofanyika papa hapa Dar es Salaam, na nasikitika kwamba wengi hawayajui. Shirika linaloitwa Amend lilianza miaka ya mwanzo ya 2010 kuzikagua njia za watoto kuzunguka shule za msingi za jiji letu, zile ambazo watoto waligongwa zaidi, kisha kujenga vitu vidogo: tuta, kivuko kilichoinuliwa, kijia cha miguu kilichotengwa na magari kwa vigingi vya zege, alama za barabarani. Na pengine, nilipolisoma hili nilifunga kitabu kwanza nikatembea uani, lango la shule lilihamishwa. Watafiti walizilinganisha shule zilizofanyiwa kazi hiyo na zile ambazo bado, wakapata kwamba majeraha ya barabarani kwa watoto yalipungua kwa asilimia 26 hivi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la kitaalamu la Injury Prevention. Aprili 2019 kazi hiyo, iliyokuwa imekwisha kusambaa katika nchi kadhaa za Afrika, ilishinda tuzo ya kwanza ya WRI Ross kwa miji, dola 250,000, ikiyashinda mawazo ya miji mikubwa ya dunia. Muuza maandazi wetu alikuwa amewatangulia kwa zaidi ya miaka kumi na tano, bila dola hata moja.

Kwa nini basi jambo linaloonekana rahisi hivi linakwenda polepole? Nina maoni yangu. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule moja ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Taifa zima lililia, na ilistahili. Lakini watoto wanaokufa wakivuka hufa mmoja mmoja, leo Mbagala, keshokutwa Tandika, kila mmoja katika mtaa wake, akizikwa na majirani zake. Hakuna uwanja utakaojaa majeneza yao. Lawama nayo ni rahisi: mtoto alikatisha ghafla. Nimelisikia neno hilo, “alikatisha”, katika kila ajali niliyoijua, nami nimelitumia. Ni neno linalomaliza uchunguzi kabla haujaanza.

Na “tazama” yenyewe, tunamwambia nani? Katika Barabara ya Uhuru iko Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambayo kwa miaka mingi imewasomesha watoto wasioona pamoja na wenzao wanaoona. Nimewatazama mara nyingi wakipita, mwenye uoni mbele, mkono wa asiyeona begani kwake, fimbo nyeupe ikigonga ukingo wa njia uliokwisha kufunikwa na meza za biashara. Kanuni niliyoihubiri kwa miaka thelathini na tisa ilikuwa haina neno hata moja kwa ajili yao. Kijia kisicho na kizuizi na gari liendalo pole ni lugha wanayoielewa watoto wote, anayeona na asiyeona.

*

Siku hizi Jumatatu hadi Ijumaa nampeleka shule mjukuu wangu wa darasa la pili. Yeye anaamini ananisindikiza, na kwa kuwa goti langu la kushoto si zima, labda ana haki. Njia yetu inakatisha Mtaa wa Msimbazi karibu na kituo cha Gerezani, mwisho wa tawi la mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi Mei 2016, ambayo watu wote huyaita mwendokasi. Nakiri kwamba mradi ule ulileta mambo ambayo mvulana wangu wa mwaka 1986 angeyashangilia. Katikati ya barabara pana mahali pa kusimama. Vivuko vimewekwa, na njia za miguu zilikuwa pana kiasi cha watu wanne kwenda sambamba. Wachuuzi walizijaza, mwaka 2021 wakaondolewa, na sasa wanarudi kidogokidogo, meza moja baada ya nyingine, kila mmoja akiwa na watoto wa kulisha. Wakizijaza tena, watoto wa shule watashukia barabarani. Siwalaumu wachuuzi peke yao, maana hata mimi hununua soksi pale.

Kivuko chetu kina hatua tatu: njia ya magari, njia ya mwendokasi, njia ya magari tena. Jumatatu iliyopita tulivuka hatua ya kwanza salama, dereva wa teksi akitusimamia kwa adabu. Tulifika ukingoni mwa njia ya mabasi. Basi lilikuwa mbali kuliani. Mjukuu wangu alifanya kama alivyofundishwa, akageuza kichwa kulia, kushoto, kulia tena, kwa madaha kama mtu akaguaye gwaride. Mimi nilikwisha nyanyua mguu. Bodaboda ikatokea kushoto, ndani ya njia ya mabasi, upande usio wake, na abiria wawili na gunia. Mkono mdogo ukanivuta shati kwa nguvu, nikarudi nyuma hatua moja.

“Babu, ngoja kwanza,” akasema.

Tukangoja. Nyuma yetu walikuja watoto wengine watano wa sare nyeupe na bluu, wakasimama, mmoja akanishika mkono wa pili bila kuniuliza. Basi likapita, upepo wake ukatupiga nguo. Kulipokuwa kweupe pande zote tulikwenda pamoja, wote saba, kwa mwendo wa goti langu, na magari ya upande wa pili yakatusubiri mpaka wa mwisho wetu alipokanyaga ukingo.

Jioni ya siku ileile nilikwenda kumwona fundi. Nywele zake zimeingia mvi na karakana yake ina vijana wanne. Nilimuuliza vigingi kumi vya chuma, vya kuzuia pikipiki zisipande kwenye kijia kilicho mbele ya shule ya mjukuu wangu, vingegharimu kiasi gani. Alinitazama, akacheka, akachukua chaki na kuanza kupiga hesabu ubavuni mwa tangi la maji. Kibali cha mtaa tumeomba. Barua ya safari hii niliiandika pamoja na mwalimu mkuu aliyepo, na tumeambatanisha ramani: kila nyumba ya kila mtoto, na mstari wa njia anayopita.